Kulea familia kwa mshahara mmoja mahali maisha yalipo juu

Kwa karibu mwaka mzima hela ya matumizi nyumbani kwetu ilikuwa inakata tarehe 27 au 28, hata tujibane vipi. Mimi nikamshuku mwenzangu, naye akanishuku mimi, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Siku moja nikakaa na kalenda. Tulikuwa tunachukua hela ya chakula ya mwezi, tunaigawa mafungu manne, kila wiki fungu lake. Wiki nne ni siku 28, na karibu kila mwezi una siku 30 au 31. Mwaka una wiki 52, sisi tulikuwa na mafungu 48. Wiki nne nzima hazikuwa na hela, na hakukuwa na mwizi ndani ya nyumba.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu anayelea familia kwa mshahara mmoja mahali ghali huambiwa, na mwishowe hujiambia mwenyewe, kwamba tatizo lake ni nidhamu. Mara nyingi tatizo ni hesabu. Na sehemu kubwa ya hesabu hiyo haiko kwenye vitu vidogo vidogo. Iko kwenye nyumba, safari ya kazini, na gharama ya kuangaliwa watoto. Hayo matatu yakikaa vibaya, unaweza kuzima taa zote na bado ukakopa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na makubwa. Taa utazizima baadaye.

Kama unalea peke yako, hatua ya pili unaweza kuiruka. Ya sita isome mara mbili.

Hatua ya 1: Ugeuze mshahara kuwa vipande 100

Chukua kinachofika mkononi baada ya kodi ya mapato, michango ya pensheni na makato mengine. Kiasi kilichoandikwa kwenye barua ya ajira kisahau kabisa. Kama kipato chako kinapanda na kushuka, usitumie wastani. Tumia mwezi mbaya kuliko yote katika 12 iliyopita. Wastani una tabia ya kukulisha maisha ya miezi minono ndani ya miezi mikavu.

Kiasi hicho kiite 100. Kila gharama igawe kwa mshahara, zidisha kwa 100, umepata vipande vyake. Kodi ya nyumba ni vipande 38? Nauli 7? Sasa unaona kitu ambacho tarakimu za hela huwa zinakificha, na mshahara ukibadilika hesabu haivurugiki.

Halafu rudi nyuma miezi mitatu: taarifa ya benki, jumbe za malipo kwenye simu, risiti zilizojikunja mfukoni. Wengi hushauri uanze kuandika matumizi kuanzia leo kwenda mbele. Mimi siafiki, kwa sababu mtu akijua anaandika hununua kwa adabu, na daftari linatoka na picha ya mtu mwingine. Miezi mitatu iliyopita haijui kama unaichunguza.

Makundi yasizidi matano: nyumba pamoja na maji na nishati yake, safari, chakula, watoto, na mengineyo. Nimeona watu wakifungua jedwali la safu 20, lenye rangi, wakaliacha wiki ya pili.

Hatua ya 2: Pima mshahara wa pili unabakiza nini

Hatua hii ni ya wanaojiuliza kama mmoja aache kazi akae na watoto, na pia ya waliokwisha kuamua na sasa wanajuta kimyakimya.

Mshahara wa pili, kabla ya makato, uite nao 100. Tuseme kodi na michango vinachukua 20, zimebaki 80. Kituo cha kulelea watoto au yaya, 40. Nauli, 12. Chakula cha mchana kazini, 8. Mavazi ya kazi, michango ya ofisini, na chakula kinachonunuliwa tayari jioni kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kusimama jikoni, 7. Zimebaki 13. Mtu ameamka alfajiri mwezi mzima kwa vipande 13.

Hizo ni tarakimu za mfano. Weka za kwako. Ila usifunge daftari hapo, maana hesabu ya mwezi haisemi yote. Katika zile 20 zilizokatwa kuna michango ya pensheni, nayo ni mali ya mchangiaji. Pia gharama ya kulea mtoto mdogo ni ya muda, kwani mtoto akianza shule inashuka, lakini miaka mitano nje ya kazi humfuata mtu: anaporudi anakuta wenzake wamepanda cheo na mifumo imebadilika. Na mishahara miwili ni miguu miwili. Mmoja ukivunjika, mnachechemea lakini mnakwenda.

Kwa hiyo swali la "aache au asiache?" liongezewe tarehe: aache hadi lini? Andikeni tarehe hiyo. Maoni yangu, baada ya kuifanya hesabu hii nyumbani na kwa marafiki kadhaa: mshahara wa pili ukibakiza chini ya robo, na kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, kubaki nyumbani kuna mantiki. Ukibakiza zaidi ya nusu, kuacha kazi ni anasa. Anasa si dhambi, lakini mjue mnailipia. Hapo katikati kuna njia ambazo watu huzisahau: kazi ya nusu siku, zamu zinazopishana, au kumwomba mwajiri siku mbili za kufanyia kazi nyumbani kabla ya kuandika barua ya kuacha.

Jambo moja zaidi. Fanyeni hesabu kwa mishahara yote miwili kabla ya kuamua nani abaki. Mshahara mdogo wakati mwingine ndio wenye bima ya afya inayobeba familia nzima, au likizo ndefu, au mwajiri asiyemtoa mtu jasho mwishoni mwa wiki. Na anayebaki si lazima awe mama.

Hatua ya 3: Nyumba na safari zihesabiwe pamoja

Hapa ndipo mchezo unapoamuliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni ya kwamba nyumba isizidi asilimia 30 ya kipato haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1969 Marekani ilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha asilimia 25 ya kipato kwa kodi ya wapangaji wa nyumba za umma, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Kilikuwa kipimo cha ruzuku ya serikali, kikageuka ushauri kwa kila mtu. Mahali ghali, kwa mshahara mmoja, 30 mara nyingi haipatikani, na si lazima ujione umeshindwa kwa sababu uko 38. Ila ukivuka 45, ujue umebakiza vipande 55 vya kula, kusafiri, kusomesha, kutibu na kuweka akiba. Kwa familia yenye watoto, sijawahi kuona hesabu hiyo ikikaa kwa muda mrefu bila deni.

Kosa la kawaida ni kukimbilia mbali ambako kodi ni nafuu na kusahau kwamba safari nayo ni kodi. Tazama nyumba mbili. Ya kwanza iko karibu na kazi: kodi 42, safari 4, jumla 46. Ya pili iko mbali: kodi 30, safari 14, jumla 44. Kwenye karatasi umeokoa vipande viwili. Sasa hesabu muda. Safari ya saa moja na nusu kwenda na nyingine kurudi ni saa tatu kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni saa 66 kwa mwezi. Umeuza saa 66 kwa vipande viwili. Na katika nyumba ya mshahara mmoja saa hizo hazitoki kwa anayesafiri peke yake. Kila saa anayokaa barabarani, mwenzake anakaa na watoto bila wa kumpokea.

Kuna nyumba za mbali zinazolipa kweli, ambako jumla inashuka kwa vipande 10 au zaidi. Hizo zifuate. Ila chora jumla yote kwanza.

Gari liangalie kwa jicho hilohilo. Watu huhesabu mafuta tu. Weka bima, matengenezo, matairi, maegesho, na thamani inayopungua kila mwaka hata likiwa limepaki. Kama familia inaweza kuishi na gari moja, au bila gari kabisa kwa sababu mnakaa karibu na usafiri wa umma, kodi iliyo juu kidogo inaweza kuwa ndiyo rahisi.

Kuhusu ukubwa wa nyumba: kabla hujasema mnabanana, fanya jaribio la wiki moja. Bandika karatasi kwenye mlango wa kila chumba, na kila atakayekaa humo zaidi ya nusu saa (kulala hakuhesabiwi) apige mstari. Kwetu chumba cha ziada, tulichokuwa tunakilipia kama vyumba vingine, kilipata mistari miwili kwa wiki. Yote miwili ilikuwa ya mtoto aliyekwenda kujificha ili asioge. Mwaka uliofuata tulihamia nyumba yenye chumba pungufu na hakuna aliyekililia hicho chumba, ukimtoa huyo mtoto.

Watoto kulala chumba kimoja si umaskini. Kinachohitajika ni kila mmoja awe na mahali pake hata kama ni rafu moja yenye jina lake, na taa ndogo ya kusomea isiyomsumbua mwenzake.

Sasa mwenye nyumba. Wapangaji wengi wanamwogopa bila kupiga hesabu zake. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, amepoteza sehemu moja ya 12 ya kodi ya mwaka, yaani asilimia 8.3. Bado hajapaka rangi, hajamlipa dalali, hajajua mpangaji mpya ni mtu wa namna gani. Kwa hiyo ukimwomba asipandishe kodi, au apunguze asilimia 5 kwa mkataba wa miaka miwili, huombi sadaka. Unampa biashara nzuri. Mwendee miezi miwili au mitatu kabla ya mkataba kuisha, ukiwa na rekodi ya malipo yako mkononi, na kodi za nyumba zinazofanana zilizotangazwa jirani. Mkikubaliana, iandikwe. Akikataa, hujapoteza kitu, na miezi miwili inatosha kutafuta.

Kuhama nako kuna bei yake: amana, usafiri wa vyombo, kodi ya kulipia mbele, mapazia yasiyoenea madirisha mapya. Jumlisha yote, gawa kwa unachookoa kila mwezi. Kuhama kukigharimu vipande 60 na kukaokoa vipande 6 kwa mwezi, utakuwa umerudisha gharama baada ya miezi 10. Kama huna uhakika wa kukaa hapo mwaka, tulia ulipo.

Na je, kuondoka kabisa eneo hilo? Ni swali halali, wala halijibiwi kwa hasira za mwisho wa mwezi. Maeneo ghali huwa ghali kwa sababu: kazi ziko huko, hospitali ziko huko, na mtu akipoteza kazi anapata nyingine bila kuhama. Kwa familia yenye mshahara mmoja, hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kama kazi yako unaweza kuifanyia popote, au mshahara wa huko nafuu unapungua kidogo kuliko kodi inavyopungua, piga hesabu ya vipande kwa mji wa pili kama ulivyoipiga ya huu, ukitumia mshahara ulioahidiwa kwa maandishi.

Hatua ya 4: Hela itoke siku ileile iliyoingia

Siku ya mshahara, kabla ya kitu kingine, toa kodi, bili, marejesho ya deni, na akiba. Kama benki yako inaruhusu malipo ya kujirudia, yapange yaondoke yenyewe. Kinachobaki ndicho mshahara wako wa kuishi. Kingine kilikuwa kinapita tu.

Kisha kuna gharama zinazojifanya dharura ilhali zinakuja kila mwaka tarehe ileile: ada, sare za shule, bima, matengenezo, viatu (miguu ya watoto haingoji bajeti), zawadi, safari ya kutembelea wazazi. Ziandike zote kwa mwaka, jumlisha, gawa kwa 12, na kila mwezi weka kiasi hicho pembeni kwenye akaunti tofauti. Mara ya kwanza kufanya hivi nilikuta gharama "za ghafla" za mwaka zilikuwa karibu mishahara miwili kamili, na karibu zote nilikuwa nazijua tangu Januari.

Hela ya wiki, ile iliyotusumbua, inapatikana hivi: ya mwezi zidisha kwa 12, gawa kwa 52. Tuseme chakula ni vipande 26 kwa mwezi. Ukigawa kwa nne unapata 6.5 kwa wiki. Ukifanya sawasawa, 26 mara 12 ni 312, gawa kwa 52, unapata 6. Hicho nusu kipande cha kila wiki ndicho kilichokuwa kinatugombanisha. Chagueni siku moja ya wiki kuwa siku ya kupokea fungu. Kwetu ni Jumatano, kwa sababu likipokelewa Ijumaa, Jumapili usiku limeumia.

Hatua ya 5: Chakula kisigeuzwe bwawa la kunyonywa

Mwaka 1857 mtakwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, alionyesha kwamba kadiri familia inavyokuwa na kipato kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyokwenda kwenye chakula. Mahali ghali kuna jambo jingine linaloongezeka juu ya hilo. Kodi haipungui kwa sababu umebanwa, wala nauli. Chakula ndicho pekee kinachokubali kupunguzwa leo bila barua ya onyo. Kwa hiyo kila nyumba inapolemewa, sahani ndiyo inayolipa, na mara nyingi sahani ya mzazi, kimyakimya. Ukiona umeanza kusema "mimi sina njaa" wiki ya mwisho ya kila mwezi, rudi hatua ya tatu, maana tatizo haliko jikoni.

Jikoni penyewe, mambo mawili yanatosha. La kwanza, kisiharibike kitu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho ilitupwa majumbani. Fungua friji na kabati kabla ya kuandika orodha ya ununuzi, na siku moja kabla ya ununuzi mpike vilivyobaki, vyovyote vilivyo. La pili, linganisha bei kwa kilo au lita, usilinganishe pakiti kwa pakiti. Pakiti ya gramu 400 iliyokaa kando ya ile ya gramu 500, upana sawa na rangi sawa, inaonekana rahisi hadi ugawe. Na kununua kwa jumla si nafuu kila mara: kitu cha kilo kumi kinachooza kabla hamjafika kilo ya saba kimeongezeka bei kwa zaidi ya asilimia 40.

Hatua ya 6: Mlinde anayeingiza kipato

Nyumba yenye mishahara miwili ikipoteza mmoja, inaumia. Yenye mmoja ikiupoteza, imekwama. Kwa hiyo kinga hapa inatangulia uwekezaji, tena kwa mbali.

Anza na akiba ya mwezi mmoja wa matumizi ya lazima. Hesabu kodi, chakula, nishati, nauli na dawa; mengine yataahirishwa. Ukiipata, geukia madeni yenye riba kubwa (hatua inayofuata), kisha rudi uikuze. Miezi mitatu ni kawaida kushauriwa; kwa mshahara mmoja mimi naona lengo liwe miezi sita, hata kama itachukua miaka mitatu kufika. Ikae mahali inapoweza kutolewa ndani ya siku moja au mbili, isiwe kwenye akaunti ya kadi unayotembea nayo.

Bima ya afya ya familia nzima inafuata. Halafu bima ya maisha ya anayeingiza kipato. Iliyo rahisi ni ile ya muda maalumu, inayolipa tu kama mtu amefariki ndani ya miaka iliyokubaliwa; zile zilizochanganywa na akiba huwa na malipo makubwa zaidi kwa kinga ileile, ingawa wauzaji huzipenda. Muda wake uwe miaka iliyobaki hadi mtoto wa mwisho ajitegemee. Kama kuna kinga ya ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, iulizie kwa makini: mtu aliyeumia na kushindwa kufanya kazi bado anakula, anatibiwa na anahitaji kuhudumiwa.

Anayebaki nyumbani naye ahesabiwe. Akiugua miezi mitatu, nani atakaa na watoto, na kwa shilingi ngapi? Waulizeni ndugu au majirani mapema, kabla hamjawahitaji.

Leo jioni fanyeni hili, halina gharama: angalieni majina ya wanufaika kwenye pensheni, bima na akaunti za benki. Fomu nyingi zilijazwa siku ya kwanza ya ajira, kabla ya ndoa, na bado zina jina la kaka. Kisha andikeni karatasi moja yenye orodha ya akaunti, bima, madeni na mikataba, na kila mmoja ajue ilipo.

Na kazi za ziada? Zinasaidia, lakini kuna mahali zinageuka. Mtu anachukua zamu ya nne kwa wiki ili kuziba pengo la kodi, mgongo unaanza kuuma, anakosa siku tano, na pengo limekuwa kubwa kuliko mwanzo. Bora kutumia saa hizo kujifunza cheti kinachopandisha mshahara wenyewe, au kwenda kuomba nyongeza ukiwa na orodha ya uliyofanya.

Hatua ya 7: Deni lisomwe kwa riba yake halisi

Riba ya asilimia 10 kwa mwezi inasikika kama ya mwaka ukiwa na haraka. Shilingi 100 isiyolipwa kwa riba hiyo inakuwa 314 baada ya miezi 12, kwa sababu riba inazaa riba.

Ujanja wa pili ni riba bapa. Umekopa 1,200 kwa mwaka, "asilimia 10 tu", unarudisha 110 kila mwezi, jumla 1,320. Lakini kila mwezi ulikuwa unarudisha sehemu ya mkopo. Ule 1,200 mzima ulikuwa nao mwezi wa kwanza tu. Riba yake halisi ni karibu asilimia 18. Uliza swali moja kabla ya kusaini: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wa mwanzo? Anayejibu kwa kuzungukazunguka ameshajibu.

Ukiwa na madeni kadhaa, lipa kiwango cha chini kwa yote, na cha ziada kielekeze kwenye lenye riba kubwa. Wengine huanza na dogo ili wapate moyo. Inagharimu zaidi kidogo, lakini kama ndiyo itakayokufanya usikate tamaa, haina ubaya. Kukopa kulipia chakula au kodi miezi miwili mfululizo ni dalili ile niliyoitaja jikoni. Rudi hatua ya tatu.

Hatua ya 8: Wawili, daftari moja

Mwaka 1934 mchumi Margaret Reid alitoa kipimo rahisi: kazi yoyote ya nyumbani ambayo ungeweza kumlipa mtu mwingine aifanye ni uzalishaji. Kupika, kufua, kulea, kumsimamia mtoto afanye kazi za shule. Pato la taifa haliihesabu, lakini mkirudi kwenye hesabu ya hatua ya pili mtaona bei yake: ni zile 40 za kituo, pamoja na sehemu kubwa ya vile vilivyofuata. Kwa hiyo nyumbani kuna kipato kimoja cha hela, lakini wafanyakazi ni wawili.

Hilo lionekane kwenye mpangilio. Wote wawili wawe na uwezo wa kuona akaunti. Mtu mzima kuomba hela ya sabuni kila wiki, na kueleza ile ya wiki iliyopita ilikwendaje, huwachosha wote wawili. Kila mmoja awe na hela yake ya mfukoni, kiasi sawa, hata kama ni kipande kimoja, isiyoulizwa maswali. Na kama mnaweza, mchangieni pensheni ya hiari yule aliye nyumbani, kwa jina lake mwenyewe. Ndoa inaweza kuvunjika, au mmoja akatangulia. Aliyelea watoto miaka 10 asitoke mikono mitupu.

Kaeni na daftari mara moja kwa mwezi, dakika 30, watoto wakiwa wamelala, na isiwe siku hela imekata. Anzeni na kilichokwenda vizuri, mkaone kisichokwenda, mgawe mafungu ya mwezi ujao. Tukivuka nusu saa sisi huanza kufukua ya miaka iliyopita, kwa hiyo tunaweka saa.

Watoto waambiwe ukweli kwa kipimo chao. "Hatuna hela" humtia mtoto hofu, hasa akikuona siku ya pili unanunua kitu. "Mwezi huu hela hiyo tumeipangia viatu vyako" anaielewa hata wa miaka sita. Wakubwa kidogo wapeni fungu dogo waligawe wenyewe na wakosee wakiwa bado nyumbani.

Ndugu nao wataomba. Wekeni kwenye bajeti fungu la kusaidia, mlijue kiasi chake, na likiisha jibu liwe moja kutoka kwa wote wawili. Mmoja akisema hapana na mwingine akatuma kwa siri, mmelipa mara mbili: hela, na imani.

Hesabu irudiwe lini

Hatua ya kwanza hadi ya tatu zirudiwe mshahara unapobadilika, mtoto anapozaliwa, mtoto anapoanza shule, na miezi mitatu kabla ya mkataba wa nyumba kuisha. Mtoto akianza shule, zile 40 za kituo zinashuka, na hesabu ya mshahara wa pili iliyowatoa na vipande 13 inaweza kuwatoa na 40 au zaidi. Fungueni daftari mtafute ile tarehe mliyoiandika kwenye hatua ya pili. Kama imepita, anayetaka kurudi kazini aanze sasa kuulizia nafasi na kusoma kilichobadilika katika fani yake, wakati mshahara wa kwanza bado unaingia.